Folda ya Tatu Kutoka Juu

Wifi yangu ni mtu wa wasiwasi, na sisemi hivyo kwa kumsengenya, maana hata mbele yake nasema. Akifunga mlango wa nyumba hupiga hatua chache, akarudi akausukuma, akaondoka tena, halafu tukiwa njiani ananigeukia: "Wifi, hivi nilifunga?" Namwambia, "Ulifunga, ukafungua, ukafunga. Sasa twende, mlango wa watu nao upumzike." Akizima jiko hulikodolea macho utadhani litajiwasha lenyewe kwa kumkomoa. Siku ya kwanza alipoletwa nyumbani kutambulishwa, mama yangu alimpa kiti, naye akakitikisa kwanza ndipo akakaa. Mama alinitazama mimi, nami nikatazama dari.

Lakini mdogo wangu alimpenda, na yeye akampenda mdogo wangu, sisi wengine tungesema nini? Tulipiga vigelegele, tukahamisha vitanda, wakapewa vile vyumba viwili vya nyuma.

Huyo mdogo wangu tunamwita Sururu. Wazazi walimpa jina zuri tu, ila kazi ikampa hilo lingine na ndilo lililoganda. Anachimba mitaro ya mabomba katika idara ya maji, na kwenye kundi lao yeye ndiye hutangulia kuingia shimoni, kwa sababu ana mkono mwepesi na hajui kukataa. Mimi nakaa mapokezi katika ofisi ya idara hiyohiyo. Napokea simu, napokea wageni, napokea matusi ya watu waliokatikiwa maji wakiwa na sabuni usoni. Wifi ndiye fundi wa kompyuta wa ofisi nzima, na wote humwita Fundi, hata Mkuu wetu, ambaye si mtu wa kumpa mtu heshima bure.

Kwa kazi hakuna anayemgusa. Tatizo ni hiyo roho yake inayokaa juu juu. Kuna wakati alitutoa watu wote nje, tukasimama juani kama nguo zilizoanikwa, kisa ameona moshi unatoka chumba cha seva. Kumbe mfagizi alikuwa amechomeka birika la umeme nyuma ya mlango, na ule ulikuwa mvuke. Tangu hapo Mkuu akimwona anakuja mbio humwuliza, "Birika lingine, Fundi?" na watu hucheka. Mimi pia nilikuwa nacheka. Angekuwa wifi yako na wewe ungecheka.

Sasa nieleze hiyo seva, ili tuelewane. Ni kompyuta moja kubwa inayokaa peke yake kwenye chumba chenye baridi, na ndani yake kila mtu wa ofisini ana folda yake ya kuweka kazi. Wanaoitegemea zaidi ni wachoraji. Hao ndio wanaochora bomba lipite wapi, na pembeni yake wanatia mstari mwekundu kuonyesha mahali waya mkubwa wa umeme umelala chini ya ardhi. Mchoro ukichapwa, msimamizi wa wachimbaji anauchukua, anaenda nao barabarani, na watu wake wanachimba pale unapowaambia. Wachimbaji hawaoni chini ya ardhi, jamani. Macho yao ni ile karatasi. Na waya ule si wa taa ya chumbani wa kukurusha mkono ukasema "aka!" ukaendelea na shughuli zako. Ule ukiupiga sururu, unazikwa.

Folda za kwenye seva zilikuwa na ugonjwa wao. Mtu akikaa kwenye kompyuta yake anaona folda yake imeandikwa Nyaraka Zangu, na hapo hakuna ubaya, si ni zake? Lakini ukiingia ndani ya seva, ambako folda za watu wote zimepangwa pamoja, unakuta ya kwanza imeandikwa Nyaraka Zangu, na inayofuata Nyaraka Zangu, na nyingine Nyaraka Zangu, mpaka chini kabisa. Za nani? Huwezi kujua mpaka ufungue uchungulie. Ni sawa na kusimama mlangoni mwa shule watoto wakitoka, ukaita "Mwanangu!"

Wifi alinieleza siku moja tukikunja nguo. Majina ya kweli yalikuwepo, alisema, ila ndani ya kila folda kulikuwa na kifaili kidogo kimejificha, kazi yake ni kuiambia kompyuta: usiniite kwa jina langu, niite Nyaraka Zangu. Nani alivianzisha? Hakuna. Vinajizalisha vyenyewe, mtu akiunganishwa tu na seva, kinaingia.

"Siku moja mtu atafungua isiyo yake," alisema, huku ameshika soksi moja akiitafuta mwenzake. "Atafuta kazi ya mtu. Au atachukua kitu kisicho chake bila kujua."

"Na siku moja mbingu itatuangukia," nikamwambia. "Hebu nipe hiyo shuka."

Alimsumbua Mkuu kwa muda mrefu ampe ruhusa azitengeneze. Mkuu alikuwa anamwambia mambo yanakwenda, ya nini kuamsha aliyelala? Mwishowe akakubali shingo upande, mradi kazi isisimame. Basi mwisho wa wiki, ofisi ikiwa tupu, wifi akaingia, akaviondoa vile vifaili kimoja kimoja na kuiziba njia vinayopitia. Jumatatu watu walipofika wakakuta kila folda ina jina la mwenyewe. Wengine walimpongeza, wengine hata hawakuona. Kompyuta hupanga majina kwa kufuata herufi, kwa hiyo folda zote zilikuwa zimehama mahali pake. Aliyekuwa juu yuko katikati, aliyekuwa katikati yuko chini. Hilo nalo halikumsumbua mtu. Nani ofisini asiyejua kusoma jina?

Jioni hiyo tulipotoka nyumbani kwenda dukani, wifi alifunga mlango mara moja tu na kutembea. Nilimwangalia mpaka nikajikwaa.

Sasa njoo siku ya Jumatano. Asubuhi nilikuwa nimetoka mapokezi kwenda chumba cha kuchapia kumwita Babu Chapa, ana mgeni. Babu Chapa ndiye mchapaji wa michoro, mzee aliyekula chumvi nyingi, mpole, ana mashine ndefu kama kitanda na anaijua kuliko anavyowajua wajukuu zake. Wifi naye alikuwa mle ndani, amepiga magoti nyuma ya meza anabadilisha waya uliolegea. Babu Chapa alikuwa ameweka kidole juu ya kioo cha kompyuta, anakishusha polepole.

"Moja... mbili... tatu," akasema, akabonyeza.

Kichwa cha wifi kikachomoza nyuma ya meza. "Babu, unahesabu nini?"

"Nahesabu folda, mjukuu wangu."

"Za nini?"

"Si nifungue ya Bwana Rula? Bwana Rula ni ya tatu kutoka juu. Yule mama mrefu ni ya mwisho. Ya mhasibu ni ya pili na siigusi, anagomba sana."

Bwana Rula ni mchoraji wetu mkuu. Wakati huo alikuwa likizo, na akiwa likizo simu yake nayo huwa likizo.

"Lakini sasa zina majina, Babu," wifi akasema. Alikuwa amesimama. "Niliwaambia wote. Zina majina."

"Nimeyaona. Mazuri. Lakini maandishi yenyewe kama mchanga, na miwani hii ni ya kuonea mbali. Mimi nahesabu tu, miaka yote nahesabu, sijapotea hata siku moja."

Na mimi nilipokuwa nimesimama pale mlangoni, ndipo ikanijia: hata mimi nilikuwa nahesabu. Nikitaka ratiba za Mkuu nilikuwa nafungua ya juu kabisa, na Jumatatu ile nilipoikuta siyo, nilisonya nikaitafuta. Ofisi nzima ilikuwa inahesabu. Tulikuwa tumeonyeshwa sote jina moja kwa muda mrefu hivi kwamba tulishaacha kusoma, tukashika nafasi, kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi. Na wifi, ambaye yeye hakuhitaji kuhesabu kwa sababu anaingia kwa njia zake za kifundi, hakuna aliyewahi kumwambia.

Aliinama akasoma jina la folda iliyofunguka. Lilikuwa jina la Mzee Wino, mchoraji wa zamani, aliyestaafu na kuacha kazi zake mle ndani.

"Babu," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "mchoro wa barabara ya hospitali umeshauchapa?"

"Jana. Msimamizi wa wachimbaji ameuchukua leo asubuhi, wameshaondoka nao."

"Uliutoa wapi?"

"Mbona huelewi, binti? Ya tatu kutoka juu."

Wifi alivuta kiti, akafungua folda ya Mzee Wino, akafungua na ya Bwana Rula. Kote kulikuwa na mchoro wenye jina lilelile, barabara ya hospitali, maana Mzee Wino ndiye aliyeianza kazi ile na Bwana Rula akairithi. Akaiweka yote miwili sambamba. Hata mimi nisiyejua kuchora niliona. Kwa Mzee Wino mstari mwekundu ulipita upande wa ukuta wa hospitali, na mtaro wa kuchimba ukachorwa upande wa maduka. Kwa Bwana Rula ilikuwa kinyume. Watu wa umeme walikuwa wameuhamisha waya wao, na sasa umelala upande wa maduka.

"Wamekwenda kuchimba juu yake," wifi akasema.

Nilishika fremu ya mlango. Sikuuliza kama Sururu yuko zamu, kwa sababu asubuhi ileile mimi mwenyewe nilimfungia chakula kwenye mfuko.

Tulikimbilia mapokezi. Nikampigia msimamizi, ikaita mpaka ikakata. Nikampigia Sururu, ikaita mpaka ikakata. Hapo ndipo nilipokumbuka lile bati la biskuti. Kuna mchimbaji alipasua bomba huku anaongea na simu, na tangu siku hiyo msimamizi hukusanya simu zote, na yake pia ili asionekane anaonea watu, anazitia kwenye bati na kulifungia garini mpaka mapumziko. Nilikuwa nimemsifu kwa akili hiyo. Nikapiga tena hata hivyo, nikisikiliza simu ya mdogo wangu ikilia ndani ya bati.

"Piga umeme," wifi akasema. "Waambie wakate."

Nikapiga. Wakaniwekea muziki. Halafu akaja dada mmoja mwenye sauti ya usingizi, akaniambia waya ule unakwenda hospitali, hauwezi kukatwa kwa maneno ya simu, alete ombi mkuu wa idara. Nilimwambia mdogo wangu yuko shimoni. Akaniambia, "Pole sana, dada, subiri," akanirudishia muziki.

Wifi alikuwa tayari ameingia kwa Mkuu bila kubisha hodi. Nilimfuata na ile simu ya mapokezi isiyo na waya sikioni. Mkuu aliinua macho, akamwona anavyohema, akatabasamu.

"Birika lingine, Fundi?"

Alimweleza. Na alieleza vizuri, kwa kifupi, ila mikono ilikuwa inamtetemeka, na Mkuu alikuwa anaiangalia mikono badala ya kusikiliza maneno.

"Ngoja kwanza," Mkuu akasema. "Umeuona huo mchoro aliouchukua msimamizi? Umeuona kwa macho yako?"

"Sijauona."

"Kwa hiyo una uhakika ameuchapa ule wa zamani?"

"Sina uhakika."

Ah! Nilitamani kumfinya. Danganya, mwanamke! Sema umeuona! Lakini wifi hajui kudanganya, ndiyo maana anarudi kusukuma milango.

"Basi hakikisha kwanza," Mkuu akasema. "Mtafute Bwana Rula. Nikisimamisha kazi, nikakata umeme wa hospitali kwa sababu Babu Chapa anahesabu vidole, nitaonekana mtu wa namna gani?"

"Mkuu, nikimaliza kuhakikisha watakuwa wameshafika kwenye waya."

"Fundi, ukitoka saa za kazi kwenda kuzua taharuki barabarani, na ikawa ni mvuke kama ile siku, usirudi kwenye ofisi hii."

Wifi alisimama kidogo. Nilijua anachofikiria, kwa maana ni kilekile nilichokuwa nafikiria mimi: mishahara ya nyumba yetu. Halafu akageuka akatoka, anatembea, kisha anakimbia. Pale mapokezi Babu Chapa alikuwa amekaa kwenye kiti changu, uso umemshuka, anazungusha miwani mikononi.

"Nipe hiyo simu," akaniambia. "Nitakaa nao mpaka wachoke na muziki wao. Nendeni."

Gari la ofisi lilikuwa limetoka. Nje tukasimamisha pikipiki ya kukodi, moja tu iliyokuwepo, tukapanda wawili. Mwenye pikipiki akanitazama upana wangu, akataka kusema kitu, nikamwambia, "Endesha, kaka, utanisema ukifika." Akaendesha.

Sijawahi kuogopa vile. Watu husema moyo ulipasuka; wangu haukupasuka, ulikuwa umejikunja mahali fulani chini ya mbavu na kukataa kukunjuka. Kila tulipopita duka lenye taa inayowaka nilisema moyoni, bado, umeme bado upo, waya bado mzima. Kisha nikaona duka lenye giza, nikapiga kelele, kumbe lilikuwa limefungwa tu. Wifi alinishika kiuno, na vidole vyake vilikuwa vya baridi mpaka navisikia kupitia nguo.

"Ni mimi, wifi," alikuwa anasema mgongoni kwangu. "Ni mimi niliyezipanga upya. Kama ningeziacha vile vile asingekosea. Ni mimi."

"Nyamaza."

"Yeye ndiye wa kwanza kuingia. Siku zote ni wa kwanza."

"Nimesema nyamaza!"

Niseme kweli? Kwa kipande kile cha barabara nilimchukia. Nilijiona nimesimama mbele ya mama yangu nikimweleza, na sikupata neno la kuanzia, maana utamwambiaje mzazi kwamba mwanawe amekufa kwa sababu folda zimepewa majina yao? Nilikuwa namchukia wifi, namchukia Babu Chapa, namchukia Mkuu na lile tabasamu lake. Hata Mzee Wino wa watu, anayekula pensheni yake kwa amani, nilimlaani.

Karibu na njia panda magari yalikuwa yamefungana, hakuna hata pa kupitisha sindano. Mwenye pikipiki akajaribu kulia, akajaribu kushoto, akasimama. Wifi akaruka chini. Nikampa yule kaka pesa bila kuangalia ni ngapi, nikavua viatu, nikamfuata.

Mimi si mtu wa kukimbia. Nilikimbia. Watu walikuwa wanatupisha, wengine wanauliza "Mwizi yuko wapi?" na mmoja akaanza kukimbia pamoja nasi kwa kutusaidia kumkamata. Tulipokata kona nikauona ukuta mweupe wa hospitali upande mmoja, na upande wa pili maduka, na mbele ya maduka udongo mbichi umerundikwa. Nikasikia sururu inapiga. Du. Kimya. Du.

Upande wa maduka. Mpaka pale nilikuwa bado naomba iwe ni birika.

Halafu nikamwona. Alikuwa amesimama kivulini chini ya paa la duka la viatu, shati limelowa, anajimwagia maji kichwani kwa kopo. Mdogo wangu. Mzima, miguu miwili, mikono miwili, anapepesa macho kwa sababu ya maji. Zamu yake ya kwanza ilikuwa imeisha, wamebadilishana. Sijui nilifikaje pale. Nilimkumbatia na kopo lake na maji yake, nikalia kwa sauti mbele za watu, na yeye anasema, "Dada? Dada, nani amekufa? Mama?"

Wifi hakusimama. Alipita karibu yetu kiasi kwamba gauni lake liligusa mguu wangu. Aliupanda ule udongo kwa mikono na magoti huku anapiga kelele, "Usipige! Toka! Usipige!" Ndani ya mtaro kulikuwa na mwanamume tunayemwita Baba Pacha, mtu mnene wa taratibu, na alikuwa ameinua sururu juu ya kichwa chake. Nadhani alimwona kichaa anamjia. Alisita. Na katika kusita kule wifi aliteleza na udongo wote mpaka shimoni, akaanguka miguuni pake, akanyanyuka, akaushika mpini kwa mikono miwili na hakuuachia.

Msimamizi akaja amefura, karatasi mkononi. "We mama! Una wazimu?"

"Nionyeshe mstari mwekundu," wifi akasema kutoka chini. "Nionyeshe uko upande gani."

Akaufungua mchoro akamwonyesha. Mstari mwekundu ulikuwa upande wa ukuta wa hospitali. Ulikuwa ule wa Mzee Wino.

Nitafupisha yaliyofuata, kwa sababu mimi mwenyewe sikuyaona vizuri. Wachimbaji walitolewa wote. Baada ya muda likaja gari la umeme. Babu Chapa alikuwa amewasumbua mpaka wakaona heri kuja kuliko kuendelea kumsikiliza. Walikata umeme, wakashuka, wakafukua kwa mikono pale alipokuwa amesimama Baba Pacha. Ukatokea ule utepe wa njano wa hatari, na chini yake waya wenyewe, mweusi, mnene kama mkono wa mtu. Kutoka alama ya mwisho ya sururu mpaka pale hapakufika shibiri mbili. Mmoja wa watu wa umeme akavua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Mkuu alipiga simu. Nikamwambia aje mwenyewe aone, nikakata, na kama kuna siku ya kufukuzwa kazi ingekuwa ile, lakini hakuna aliyefukuzwa.

Baba Pacha alikwenda garini, akaomba bati lifunguliwe, akatoa simu yake. Tulimsikia akimwuliza mkewe watoto wamekula nini, na mkewe lazima alishangaa, kwa sababu akarudia mara mbili, "Hapana, hakuna kitu. Nauliza tu. Wamekula nini?" Kisha akageuka akatazama ukuta, akakaa hivyo muda mrefu na simu sikioni.

Wifi alikuwa amekaa juu ya lile rundo la udongo, gauni limechanika, kiganja kinavuja damu. Sururu akamwendea, mimi nikiwa ubavuni. Mdogo wangu akizidiwa hutania, ndivyo alivyoumbwa.

"Mama," akamwambia, "ndiyo kusema ulikuja mbio kwa ajili ya Baba Pacha? Umenipita pale kama nguzo ya taa. Hata salamu, mke wangu?"

Wifi alimwangalia kama mtu anayejaribu kuelewa swali.

"Wewe nilikuona umesimama," akasema. "Aliyekuwa chini nilikuwa simwoni ni nani."

Sururu akakaa chini udongoni karibu naye. Nami niliinama pamoja naye bila kupenda, kwa sababu bado nilikuwa nimemshikilia shati.